Vifaa Vidogo vya Safari ya Nyikani

SWALI: Mhariri, naomba kufahamu ni vifaa gani vidogo nisivyopaswa kuvisahau ninapokwenda kupanda mlima au kupiga kambi.

JIBU: Ndugu msomaji, anza na filimbi, kwa kuwa sauti yake hufika mbali kuliko ya mtu anayeita, na ikipulizwa mara 3, ikanyamaza kidogo, kisha ikarudiwa, hutambulika kuwa ishara ya kuomba msaada. Ifunge kwenye mkanda wa begi, karibu na kifua, maana aliyevunjika mkono atapata taabu kufungua zipu. Tochi ya kuvaa kichwani huiacha mikono huru. Wakati wa mchana toa betri moja ili isijiwashe ndani ya begi. Ongeza kiberiti kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, pini na kamba nyembamba.