Maswali ya Wasomaji: Kifaa kinachokataa kulala, mashine inayokataa kuamka

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wanaoshika ile sehemu ya kerneli ya Linux (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ambayo wengi wanaikimbia, yaani ile inayoamua kifaa kilale saa ngapi na kiamke saa ngapi. Nimefurahi sana jamani, manake mtu akiandika draiva (programu inayoendesha kifaa) anahangaika mpaka kifaa kifanye kazi, kikishafanya kazi anaona kamaliza, huku kwenye kulala na kuamka anapagusa haraka haraka tu kisha mzigo unabaki kwa mtunzaji miaka na miaka. Nimechagua barua tano, kila moja na jibu langu chini yake.

Habari mtaalamu. Nimerithi draiva ya sensa inayoongea kwa njia ya I2C (waya mbili za kuunganisha chipu), aliyeiandika hayupo tena. Watumiaji wanalalamika betri inaisha haraka. Nikifungua faili la runtime_status, linaloonyesha kifaa kimelala au kiko macho, nakuta limeandika active (macho) muda wote hata kama hakuna programu inayotumia sensa. Nikiwasha mashine upya inakaa sawa siku moja mbili halafu inarudi kulekule. Nianzie wapi?

Hapo uliposema inakaa sawa siku moja mbili ndo umeshanipa zaidi ya nusu ya jibu ndugu yangu. Kama draiva ingekuwa haijui kulala kabisa isingelala hata hiyo siku ya kwanza. Hii inalala vizuri mpaka siku kitu fulani kikosee, na kikishakosea mara moja tu basi hailali tena mpaka uzime mashine. Hiyo ni hesabu iliyovuja.

Kila kifaa kina kaunta yake ya matumizi. Anayekihitaji anaongeza moja, akimaliza anapunguza moja, na kaunta ikifika sifuri ndo kerneli inapata ruhusa ya kukilaza. Sasa fungua ile fankisheni inayosoma sensa na usiangalie njia nzuri, angalia njia ya makosa. Nina hakika utakuta mwandishi kaongeza kaunta mwanzoni, kaanza kusoma, usomaji ukishindikana anarudisha kosa palepale na kutoka, na ile moja aliyoiongeza kaiacha inaning'inia. Kwenye I2C usomaji kushindikana mara moja moja ni kitu cha kawaida, kelele kidogo kwenye waya inatosha. Mtumiaji hata hajui manake programu yake inajaribu tena inapata namba, ila kaunta imeshabaki moja na hakuna mtu duniani atakayeishusha.

Kuna mtego wa pili unaofanana na huo na nakuomba uuangalie siku hiyohiyo. pm_runtime_get_sync, ile fankisheni ya kuongeza kaunta na kukiamsha kifaa, inaongeza kaunta hata inaposhindwa kukiamsha! Watu wengi sana wameanguka hapo, kwa sababu akili ya kawaida inakwambia ukiomba kitu ukanyimwa hudaiwi, lakini hapa unadaiwa. Ndo maana kwenye toleo la 5.10 la kerneli mwaka 2020 ikaongezwa pm_runtime_resume_and_get, ambayo ikishindwa inarudisha kaunta ilipokuwa yenyewe. Kwenye barua yako sidhani kama ndo chanzo, manake kifaa kikishindwa kuamka mara nyingi runtime_status inaandika error na wewe umeona active, lakini ukishakuwa mle ndani safisha vyote.

Ila usibadilishe kwa kutafuta na kupachika tu. Ile ya zamani inarudisha 1 kama kifaa kilikuwa macho tayari, mpya inarudisha 0 kwa mafanikio yoyote, na kama mwandishi wa kwanza alikuwa mwangalifu akaweka cha kupunguza kaunta kwenye njia ya kosa basi ukiweka mpya bila kukiondoa utapunguza mara mbili, kaunta inataka kwenda chini ya sifuri na kerneli za sasa zinalalamika kwenye logi. Nimeshaona pachi (mabadiliko ya kodi yanayotumwa kwa watunzaji) za namna hii zikipita mikononi mwa watu watatu bila mtu kugundua, kwa sababu kila mmoja alisoma mistari iliyobadilika tu na hakuna aliyesoma fankisheni nzima.

Kuthibitisha ni rahisi. Jenga kerneli yenye chaguo la CONFIG_PM_ADVANCED_DEBUG, litatokea faili linaitwa runtime_usage linaloonyesha ile kaunta, sensa ikiwa haina kazi lazima lisome 0. Halafu usisubiri siku mbili, weka kwa muda mstari unaolazimisha kosa kila usomaji wa kumi, utaona namba inapanda mbele ya macho yako. Ukishapata, tuma pachi ya kurekebisha peke yake na uitaje ile kamiti (badiliko lililohifadhiwa) iliyoleta kosa kwenye mstari wa Fixes ili matoleo ya zamani nayo yaipokee, usafi mwingine uje kwenye pachi nyingine. Ukichanganya vyote pamoja, anayetunza matoleo ya zamani ataiogopa na watumiaji wako wataendelea kuchajisha.

Mimi shida yangu ni kuamka. Nimeandika draiva ya kidhibiti cha kamera kwenye ubao wenye chipu ya ARM. Mashine inalala vizuri lakini kama mara moja kati ya kumi ikiamshwa skrini inabaki nyeusi na hakuna logi hata moja, nalazimika kuchomoa umeme. Wenzangu wanasema ni fimuwea (programu iliyo ndani ya mashine yenyewe). Kweli?

Inawezekana, lakini usikubali mpaka uthibitishe, kwa sababu neno fimuwea limefunika makosa mengi sana ya draiva.

Cha kwanza gawanya safari. Kuna faili /sys/power/pm_test, ukiandika freezer kerneli inagandisha programu tu halafu inarudi, ukiandika devices inalaza na vifaa, halafu zipo platform, processors na core kila moja inaenda hatua mbele zaidi. Ukishaandika unaomba mashine ilale kama kawaida, inafika hapo ulipoiambia, inasubiri sekunde 5, inarudi yenyewe bila kulala kikweli. Anza na devices na urudie mara hamsini kwa skripti. Ikiganda hapo fimuwea haihusiki sana manake mashine haijalala hata kidogo, kosa liko kwenye draiva yako au ya jirani yake. Washa pia no_console_suspend wakati wa kuwasha mashine ili konsoli isizimwe, na kama una waya wa siriali utapata mistari ya mwisho kabla ya kimya.

Sasa hiyo mara moja kati ya kumi. Kitu kinachotokea mara moja moja hivyo kwenye kuamka, mimi mawazo yangu yanakwenda kwenye mpangilio. Toka mwaka 2010 kerneli inaweza kuamsha vifaa kadhaa kwa wakati mmoja ili kuokoa muda, na inachohakikisha ni kwamba mzazi ameamka kabla ya mtoto. Lakini kidhibiti cha kamera kinategemea vitu ambavyo si wazazi wake, kinahitaji kloki (mapigo yanayoendesha saketi) kutoka kwa kifaa kingine, kinahitaji regulata ya umeme kutoka kwa kingine tena, na kerneli haiwezi kujua huo undugu kama hakuna aliyeiambia. Mara tisa kloki inawahi, ya kumi inachelewa, draiva yako inasoma rejista (kisanduku cha mipangilio ndani ya chipu) ya kifaa ambacho hakina kloki, na kwenye chipu nyingi za ARM usomaji wa namna hiyo haurudishi hata kosa, njia nzima ya data inasimama na prosesa inasimama nayo. Ndo maana hupati logi, aliyetakiwa kuandika logi amekwama anasubiri jibu lisilokuja.

Andika 0 kwenye /sys/power/pm_async ili vifaa viamke kimoja kimoja, rudia majaribio. Tatizo likipotea umepata uelekeo, ila tafadhali usiishie hapo ukaandika kwenye maelezo kwamba watumiaji wazime hiyo kitu. Dawa yake ni kuutangaza undugu wenyewe, yaani kifaa hiki ni mtumiaji na kile ni msambazaji. Toka 4.10, mwaka 2017, kerneli ina viungo vya vifaa kwa kazi hiyohiyo, na ukishaunganisha kwa device_link_add, msambazaji ataamka kwanza na kulala mwisho bila wewe kuweka vichelewesho. Na hivyo vichelewesho naomba kwa moyo wote msiviweke! Mtu anaweka msleep ya milisekunde 50, kwake inapona, mashine nyingine yenye kloki inayochukua 60 inaganda, na mtunzaji anayekuja miaka mitano baadaye anakuta namba 50 haina maelezo na hathubutu kuigusa.

Ukiletewa shida kama hii na mwenye PC ya kawaida isiyo na waya wa siriali, ipo pm_trace. Wakati wa kuamka kerneli inaandika alama ya kifaa ilichofikia ndani ya saa ya mashine, kwa sababu ile saa ni kati ya vitu vichache vinavyobaki na kumbukumbu baada ya kuwasha upya, ukiwasha tena logi inakuonyesha ni kifaa gani alama inalingana nacho. Saa yako itasoma tarehe za ajabu, irekebishe baadaye.

Kifaa changu cha sauti kinaamka bila kosa lolote ila kimesahau sauti na mipangilio yote. Natumia regmap, ile sehemu ya kerneli inayosoma na kuandika rejista na kutunza nakala yake (kashe), na regcache_sync ya kuirudisha nakala hiyo kwenye kifaa ipo kabisa kwenye resume, yaani fankisheni ya kuamka. Nimekosea wapi?

Angalia kama umeita regcache_mark_dirty wakati wa kulala. regcache_sync haiandiki kama kashe haijui kwamba imepitwa, na kerneli haina namna ya kujua umeme ulikatwa kwenye kifaa chako mpaka uiambie. Draiva ikishamwambia regmap kwamba kashe ni chafu, sync itaandika upya zile rejista zisizo kwenye thamani ya kuanzia. Na wakati kifaa kimelala iweke kashe kwenye hali ya kujibu yenyewe kwa regcache_cache_only, vinginevyo mtu akigusa kitufe cha sauti kifaa kikiwa kimezimwa utapata makosa ya I2C mfululizo. Ukitesti hakikisha umeme unakatwa kweli, manake kwenye ubao ambao regulata inabaki imewashwa kosa hili halionekani kabisa.

Kwa nini nisizime kabisa autosaspendi (kifaa kulala chenyewe kikikosa kazi) ndani ya draiva, yakaisha? Malalamiko yanaisha siku hiyohiyo.

Yanaisha kwako, yanahamia kwa mtu mwingine. Kwenye laptopu nyingi za sasa prosesa haifiki kwenye usingizi wa chini kabisa kama kuna kifaa kimoja kimebaki macho, kwa hiyo draiva moja inayoshikilia kifaa chake inaweza kumaliza betri ambayo haikuwa na uhusiano wowote na hicho kifaa, na mwenye laptopu atalaumu kila kitu isipokuwa wewe.

Tofautisha uwezo na uamuzi. Draiva iseme kwamba inajua kulala na kuamka, uamuzi wa kulala uachwe kwa mtumiaji kupitia power/control ambapo on ni kukaa macho na auto ni kulala kikikosa kazi. Watu wa USB walishalifikiria hili zamani, muda wa kawaida wa kusubiri ni sekunde 2 lakini kwa vifaa vingi kerneli yenyewe haiwashi autosaspendi mpaka iambiwe, inawasha kwa habu, kwa sababu vifaa vya USB visivyoamka vizuri ni vingi mno. Huko ni kuwa mwangalifu bila kumnyima mtu haki ya kuchagua.

Nimetuma pachi ya mstari mmoja kuongeza diski fulani ya NVMe (aina ya SSD) kwenye jedwali la vighairi, yaani vifaa vinavyotendewa tofauti na vingine, ili isiingie usingizi mzito, mtunzaji kairudisha mara mbili akidai maelezo. Mstari mmoja! Naona ananionea.

Nimeyasoma mawasiliano uliyoniwekea na hapana, hakuonei. Naomba nimtetee kwa sababu hiyo kazi naijua.

Mstari wako utakaa kwenye kerneli pengine miaka kumi. Siku moja mtengenezaji atatoa fimuwea mpya inayoponya ile diski, au mtu ataandika upya ile sehemu yote, na atasimama mbele ya mstari wako akijiuliza kama anaweza kuutoa. Kama umeandika tu kwamba diski haifanyi kazi vizuri, hana cha kupima, hana mashine yako, wewe umeshabadilisha barua pepe, basi atauacha. Jedwali linakua, halipungui, na kila mstari ni watu wanaopoteza betri kwa sababu ambayo huenda iliisha zamani.

Halafu upana wake. Msaada wa NVMe kulala yenyewe ulipoingia kwenye 4.11 mwaka 2017, zilionekana diski zinazopotea zikiingia usingizi wa ndani kabisa, na dawa iliyowekwa kwa baadhi yao ilikuwa kuwazuia hiyo hatua ya mwisho tu, zile hatua nyingine wakaachiwa. Na kuna ambazo tatizo lilitokea diski hiyo ikiwa ndani ya modeli fulani za laptopu, kwingineko ilikuwa nzima, ikabidi kighairi kiangalie diski na mashine kwa pamoja. Pachi yako wewe inazuia kila hatua, kwa kila mwenye hiyo diski, kokote aliko.

Kwa hiyo fanya hivi: jaribu kuzuia hatua ya mwisho peke yake kwa parameta ya nvme_core.default_ps_max_latency_us, iache mashine siku kadhaa, ikikaa imara tuma upya kighairi cha hatua hiyo tu. Andika namba za kitambulisho cha diski, toleo la fimuwea, modeli ya mashine, unaona nini kwenye logi ikipotea, na ulijaribu nini kikashindwa. Na kama unaweza kuipata diski hiyohiyo kwenye mashine ya aina nyingine, iazime hata kwa usiku mmoja uone kama nayo inapotea, manake hilo ndo swali la kwanza atakalokuuliza.