Siku tatu Firenze na mama, katikati ya Julai

Mama alipokuja kunitembelea Munich kiangazi kilichopita, wiki ya kwanza alikuwa mgeni mwema. Ya pili akaniambia waziwazi kwamba bustani za Wajerumani ameziona zimetosha. Nikampeleka Firenze, Italia. Tangu turudi naulizwa na wenzangu wa huku ambao nao wana wazazi njiani, kwa hiyo naandika mara moja, mnisome.

Viza kwanza, maana ndilo swali la kila mtu. Ya mama ilikuwa ya Schengen, yaani viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, imetolewa na Wajerumani, na hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka Italia. Angalieni tu siku zilizoandikwa humo zisiwe zimekwisha. Na mzazi abebe pasipoti yenyewe, asiiache kabatini: wakati wa kurudi polisi walipanda ndani ya treni wakaulizia karatasi, na mama akaitoa ile pasipoti kifuani kwake kama anavyotoa nauli ya daladala.

Treni hupita milima kwa njia ya Brenner. Tulibadilisha Bologna, na kutoka hapo treni ya kasi ni kama dakika 40 tu. Stesheni ya Santa Maria Novella iko mjini kabisa. Wanaokuja kwa ndege, kuna tramu ya T2 kutoka uwanja wa Peretola hadi hapo hapo. Gari msikodi. Katikati ya mji pamefungiwa magari ya wageni, kamera zinapiga picha namba, na faini inakufuata hadi nyumbani.

Sasa makosa yangu. La kwanza ni chumba. Nililisoma tangazo haraka, nikaona picha nzuri na bei nzuri. Tulipofika: ghorofa ya tatu, ngazi za mawe za enzi za mababu, lifti hakuna, na kilichoitwa ubaridi kilikuwa feni ya mezani. Mama ana magoti. Alipanda akipumzika kila kona, hakusema neno, na mnajua mama akinyamaza maana yake nini. Ukimpeleka mtu mzima, uliza lifti na kiyoyozi kabla ya kulipa, na majibu uyapate kwa maandishi. Uliza pia kodi ya mji: kila mgeni analipa kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona.

Joto la Firenze lina namna yake. Mji umekaa bondeni kando ya mto Arno, vilima vimeuzunguka, na mawe yake yanahifadhi jua kama kigae cha kukaangia. Mama ni mtu wa Tanga, joto analijua, lakini saa saba mchana siku ya kwanza alisimama kwenye kivuli cha ukuta akauliza, “Upepo wa hapa wameupeleka wapi?” Baada ya hapo tuliacha kubishana na jua. Saa mbili asubuhi tuko nje, saa tano na nusu tumerudi, tunakula, tunalala. Saa kumi na moja tunatoka tena, na kwa kuwa Julai jua linazama karibu saa tatu usiku, hiyo jioni ni ndefu kama siku ya pili. Kitu kimoja kikubwa asubuhi, kitu kimoja kidogo jioni. Anayekwambia kwamba Firenze yote inaonekana kwa siku moja hakwenda na mama yake.

Kosa la pili: niliweka Uffizi, makumbusho ya picha, Jumatatu. Jumatatu Uffizi imefungwa, na makumbusho ya Accademia, ilipo sanamu ya Daudi ya Michelangelo, nayo imefungwa. Kama mna siku tatu tu, hesabuni hilo kabla ya kukata tiketi ya treni. Zote mbili tiketi zinanunuliwa mapema mtandaoni, kwa siku na saa. Tulimwona Daudi Jumanne, saa mbili na robo, mlango unapofunguliwa. Zaidi ya mita tano za marumaru, kazi ya mwaka 1501 hadi 1504, kutoka jiwe ambalo wachongaji wengine walikuwa wamelianza wakaliacha. Nilikuwa na wasiwasi mama atasema nini juu ya kijana asiye na nguo. Akamzunguka taratibu, akasema, “Mikono hii ni ya mvuvi.”

Kupanda kuba la kanisa kuu sikupata. Tiketi za wiki nzima zilikuwa zimekwisha. Ni ngazi 463 bila lifti, kwa hiyo mama hakusikitika. Alikaa kivulini akiliangalia kwa chini, kuba la msanifu Brunelleschi lililojengwa kuanzia 1420 hadi 1436, akitaka kujua nani alitumwa juu kuweka tofali la mwisho. Kuingia kanisani chini ni bure ila kuna foleni, na mabega wazi hayaruhusiwi. Mlangoni nilizuiwa mimi, si yeye. Akafungua mkoba, akatoa kanga, na mimi nikaingia katika kanisa kuu la Firenze mgongoni nimeandikwa “Hasidi hana sababu”.

Chakula nipite haraka. Mkate wa huko hauna chumvi, ndivyo unavyookwa, msimlaumu muuzaji. Kahawa inywe umesimama kaunta. Ukikaa mezani bei hupanda. Mitaani wanauza lampredotto, ambayo ni tumbo la ng’ombe ndani ya mkate, na harufu ilimvuta mama hadi kwenye mkokoteni kabla hajakumbuka kuuliza nyama imechinjwa vipi. Tukala samaki. Maji msinunue kila saa: pale Piazza della Signoria kuna bomba la maji ya kunywa ya bure, bebeni chupa.

Na ile Jumatatu iliyoharibika? Tuliingia Palazzo Vecchio, jumba la kale la watawala wa mji, ambalo Jumatatu liko wazi (Alhamisi hufunga saa nane mchana, angalieni). Niliingia kwa kukosa pa kwenda. Katika chumba cha Lorenzo de’ Medici, mtawala wa mji zamani hizo, darini mchoraji Vasari na wasaidizi wake wamemchora Lorenzo akipokea zawadi kutoka nchi za mbali. Nilikuwa nahangaika na ramani mama aliponishika mkono. “Twiga.”

Kweli, twiga. Mwaka 1487 sultani wa Misri, Qaitbay, alimpelekea Lorenzo twiga mzima, na watu wa mji walijaa madirishani kumtazama. Hakuishi sana, inasimuliwa alijigonga kichwa bandani akavunjika shingo. Mama alisikiliza hadi mwisho, shingo ameiinua, bila kulalamika magoti.

“Maskini,” akasema. “Walimjengea dari fupi.”

Akaniomba simu ampigie dada yake Tanga. Ya Daudi hakumtajia hata kidogo.