Asidi ya humiki kwenye kichanga cha Kigamboni: ninunue au niache?

Swali: Shikamoo bwana shamba. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, Kigamboni. Udongo ni kichanga kitupu: nikimwagilia asubuhi, saa nane mchana mchicha umeshanyong'onyea. Muuza pembejeo ananishauri ninunue pakiti ya gramu 100 ya asidi ya humiki, unga mweusi. Anasema itashika maji, itaondoa chumvi ya maji ya kisima, na mbolea nyingine sitahitaji. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Ukweli upo, ila huyo muuzaji ametia chumvi, pengine kuliko iliyomo kisimani mwako.

Unga huo kwa kawaida ni humati ya potasiamu. Hutengenezwa kwa leonaditi, aina ya mkaa wa mawe laini, ambao huyeyushwa kwa haidroksidi ya potasiamu. Si mbolea. Naitrojeni iliyomo ni kiduchu, fosforasi ndiyo usiulize, na potasiamu yake imetokana zaidi na hicho kiyeyushio.

Faida yake iko kwenye chaji hasi. Chembe za humiki zimejaa chaji hasi, kwa hiyo hunasa virutubisho vyenye chaji chanya, yaani amoniamu, potasiamu, kalsiamu na magnesi, visioshwe na maji. Mchanga wako karibu hauna uwezo huo. Naitreti, ambayo ndiyo urea huishia kuwa udongoni, kwa kuwa nayo ina chaji hasi, hainaswi. Inateremka na maji kama kawaida. Ndiyo maana kwenye kichanga urea huwekwa kidogo kidogo, mara kwa mara, humiki iwepo isiwepo.

Sasa tupige hesabu. Tuta la mita za mraba 10, kina cha sentimita 20, ni mita za ujazo 2 za mchanga, yaani takribani kilo 3,000. Umeleta gramu 100. Ni sawa na kutia gramu 100 za sukari kwenye tangi la lita 3,000 halafu ukaonja kama imekolea. Ili mata ogania, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyomo udongoni, ipande kwa asilimia 1 tu kwenye tuta hilo, unahitaji kilo 30 za mata ogania kavu. Hizo hazitoki kwenye pakiti, zinatoka kwenye samadi: magunia mawili hivi ya samadi kavu iliyooza vizuri, na mwakani uongeze tena, maana kwa joto la pwani inaliwa upesi. Samadi hiyo, pamoja na matandazo ya majani makavu juu ya tuta, ndiyo itakayouvusha mchicha wako hiyo saa nane.

Kuhusu chumvi, humiki haiiondoi. Chumvi huteremshwa na maji matamu mengi yanayopita chini ya mizizi, na kwako kazi hiyo inafanywa na mvua za masika.

Je, uache kabisa? Samadi ikishaingia, humiki kidogo huweza kusaidia mizizi, hasa kwenye kitalu na miche iliyotoka kuhamishwa. Fuata kipimo cha lebo. Kama lebo haisomeki, usinunue. Maji yakishachanganywa yawe na rangi ya chai ya rangi, yasiwe meusi kama lami. Mwagia udongo ukiwa na unyevu.

Usiichanganye kwenye chombo kimoja na naitreti ya kalsiamu au kitu chenye asidi. Niliwahi kuitwa kwenye shamba la nyanya la umwagiliaji wa matone, kijana kamimina vyote viwili kwenye pipa moja. Tulipofungua kichujio tulikuta tope jeusi, zito kama masalia ya kahawa chini ya dele, na mistari mitatu haikutoa hata tone. Humiki ikikutana na kalsiamu nyingi huganda. Na maji ya visima vya pwani mara nyingi yana kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye chupa safi: ukiona chengachenga zinazama, tumia maji ya mvua.

Ukiwa na hamu ya kujua kama pesa yako imefanya kazi, gawa tuta katikati. Samadi pande zote, maji sawa, humiki upande mmoja. Baada ya wiki tatu au nne chuma mchicha, upime kila upande kwenye mizani ya duka la jirani. Na anayekuchumia asijue upande upi ni upi.