Kabla hamjarudi studio kurekodi upya nyimbo zenu za zamani

Mwaka 2004 tulikuwa vijana wanne wa Nairobi tunaopiga roki nzito, katika mji ambao wengi waliuita muziki huo kelele za Wazungu. Tulirekodi nyimbo sita kwa siku tatu, katika studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya magari. Tulilipa nusu, tukaahidi nusu, tukapewa CD, tukaenda zetu. Karatasi ya makubaliano hatukuiona wala hatukuiuliza.

Miaka 17 baadaye nikapigiwa simu na watu wa matangazo ya biashara. Walikuwa wameupenda wimbo wetu mmoja, wakataka kujua mwenye rekodi ni nani. Nikajibu "ni sisi" kwa kifua mbele. Kumbe mwenye ile studio, ambayo ilikuwa imeshafungwa, naye akipigiwa angejibu hivyo hivyo, na ile nusu ambayo hatukulipa alikuwa bado anaikumbuka hadi shilingi ya mwisho. Tulibishana naye miezi miwili. Mwishowe tukaamua kurudi studio kuupiga upya, na nyingine mbili juu yake. Tulikosea mengi. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya bendi yoyote ya watu wenye mvi inayofikiria kufanya jambo hilo.

Anzeni na makaratasi, magitaa yatasubiri. Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku ile katika chumba kile. Anayetaka kuutumia wimbo kwenye tangazo au filamu anahitaji ruhusa zote mbili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua kama mwenye rekodi ya sauti yule aliyefanya mipango ya rekodi hiyo kufanyika. Ni sisi tuliolipa nusu, au ni yeye mwenye mashine na umeme? Bila mkataba, hapo ni wakili tu anayekula. Utunzi, kwa upande mwingine, ulikuwa wetu bila ubishi, na mwenye utunzi anaweza kuingia studio nyingine na kuupiga tena wimbo wake. Rekodi hiyo mpya inakuwa mali yake.

Kama mliwahi kusaini na lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki, tafuteni kwanza kifungu kinachowakataza kurekodi upya. Kwa muda mrefu mikataba ya lebo kubwa ilikuwa ikifunga msanii kama miaka mitano tangu rekodi itoke, au miwili tangu mkataba uishe, kutegemea ipi inachelewa. Tangu Taylor Swift aanze kutoa matoleo mapya ya albamu zake mwaka 2021, mawakili wa lebo wameamka na wanadai muda mrefu zaidi. Na kama mmoja wenu aliyeshiriki kutunga ameshatangulia mbele ya haki, ongeeni na familia yake kabla ya kugusa waya. Haki ya utunzi hapa kwetu inadumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na familia ndiyo inayorithi.

Jambo la pili ndilo lililotugharimu zaidi: hatukukubaliana tunataka nini. Mpiga besi alitaka wimbo usikike kama ule ule, mtu asitofautishe. Mwimbaji alitaka uwe "wa kisasa". Mimi nilitaka solo yangu ya 2004 ifutike duniani. Tukatoka na kitu cha kati, chenye sura ya zamani na viatu vipya, na nyimbo za namna hiyo hazimfurahishi mtu.

Nilikuwa nimesahau somo ambalo bendi nilizokua nikizisikiliza zilishanifundisha. Def Leppard wa Sheffield, Uingereza, waligombana na lebo yao juu ya malipo ya mauzo ya mtandaoni. Mwaka 2012 waliingia studio na kurekodi upya "Rock of Ages" ya mwaka 1983 na "Pour Some Sugar on Me" ya 1987, na mwaka uliofuata wakaongeza "Hysteria". Mwimbaji wao Joe Elliott hakuzunguka mbuyu. Kazi hiyo aliiita kughushi. Walikuwa wanaghushi nyimbo zao wenyewe, na lengo lilikuwa msikilizaji asijue.

Fikirieni ugumu wake. Albamu ya Hysteria, iliyouza zaidi ya milioni 12 Marekani pekee, ilitengenezwa na prodyusa Mutt Lange kwa uvumilivu wa fundi saa. Kuna sehemu ambazo kodi ya gitaa, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, haikupigwa yote kwa pamoja, ilirekodiwa noti moja moja kisha zikapangwa juu ya nyingine. Gitaa zenyewe zilipita kwenye kijisanduku kidogo kiitwacho Rockman, si amplifaya kubwa. Mpiga dramu Rick Allen alikuwa amepoteza mkono wa kushoto katika ajali ya gari siku ya mwisho ya mwaka 1984, akajifunza kupiga upya kwa dramu za umeme na pedali za miguu. Steve Clark, mmoja wa wapiga gitaa wa albamu ile, alifariki mwaka 1991. Kurudisha sauti ile baada ya robo karne, bila yeye, ilikuwa lazima kila kidude kichunguzwe kama shilingi bandia chini ya taa. Waliweza kwa sababu walikuwa na lengo moja. Rekodi zao za awali zilipanda mtandaoni rasmi Januari 2018, baada ya kupatana na lebo.

Upande wa pili wako Whitesnake, bendi nyingine ya roki ya Uingereza. "Here I Go Again" ilitoka mara ya kwanza mwaka 1982, ikiwa na kinanda na ladha ya bluzi, ikafanya vizuri kiasi huko Uingereza. Mwaka 1987 mwimbaji wao David Coverdale akaipiga upya kwa gitaa nene na dramu za kishindo, akabadilisha hata neno moja la kibwagizo kwa kuogopa watu wasilisikie vibaya, na ikafika namba moja kwenye chati ya Billboard ya Marekani. Watu wengi wanaoijua leo hawajui kwamba ina dada mkubwa. Yeye hakughushi, alibomoa nyumba akajenga nyingine kwenye kiwanja kile kile.

Basi kaeni chini kabla ya kulipia hata saa moja ya studio mkaamue: mnaghushi, au mnabomoa? Mkishindwa kukubaliana, ahirisheni. (Sisi, baada ya kile kitu cha kati, hatimaye tulikubaliana kughushi, kwa kura tatu dhidi ya moja. Ile moja ilikuwa yangu.)

Mkichagua kughushi, sikilizeni rekodi yenu ya zamani. Jambo hili linaonekana la kipumbavu, lakini hakuna kati yetu aliyekuwa ameisikiliza kwa miaka kumi. Tulikuwa tukiupiga wimbo ule mara moja moja kwenye sherehe za marafiki, na huko kwenye sherehe wimbo ulikuwa umeota sharubu. Ubeti wa pili ulikuwa umerefuka, mimi nilikuwa nimeingiza mapambo yangu, na mpiga dramu alikuwa amesahau kwamba kabla ya kibwagizo cha mwisho kuna kimya kidogo. Kile kimya ndicho kilichokuwa kinawarusha watu juu. Tulipoisikiliza CD ile ndani ya gari la mpiga besi, tulitazamana kama watu waliokutana na wenzao waliodhani wamekufa.

Halafu kuna kasi. Kijana fundi wa studio tuliyokwenda safari hii, umri wake kama wa mwanangu wa kwanza, alitufungulia metronomu, ile mashine inayogonga mapigo ya kasi moja, tukapiga sawasawa kabisa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wimbo ukafa. Tukabadilisha gitaa, tukabadilisha amplifaya, tukamlaumu mwimbaji. Jioni ya siku ya pili yule kijana akasema kwa adabu, "Wazee wangu, niruhusuni nijaribu kitu." Akaiingiza rekodi ya 2004 kwenye kompyuta, akaweka alama kwenye kila pigo la dramu. Tukaona kwa macho: tulianza kwenye mapigo 138 kwa dakika, tukapanda hadi 144 kwenye kibwagizo, tukashuka kidogo kwenye ubeti, na mwishoni tulikuwa tunakimbia kama tumeiba kuku. Akatengeneza metronomu inayofuata makosa yetu ya ujanani. Tukapiga juu yake mara mbili tu, na wimbo ukaamka.

Sauti ya mwimbaji ni habari nyingine, na hapa nawaomba muwe na huruma. Wetu alikuwa na miaka 26 alipoimba mara ya kwanza, na sasa ana 46 na sigara zote za hapo katikati. Alijaribu kufikia zile noti kwa siku nzima hadi akakosa sauti kwa siku tatu. Shusheni ufunguo wa wimbo mapema, uimbwe kwa noti za chini zaidi. Legezeni nyuzi za gitaa nusu toni au toni nzima, bendi kubwa za roki zinafanya hivyo jukwaani kila siku na dunia haijaanguka. Klaus Meine, mwimbaji wa bendi ya Scorpions ya Ujerumani, alikuwa na miaka 63 walipotoa Comeblack mwaka 2011, albamu ambayo nusu yake ni nyimbo zao wenyewe zilizorekodiwa upya. Binafsi naipenda sauti yake pale, ingawa wenzangu wanasema nimeshikwa na mapenzi ya redio za utotoni, zile zilizotupigia wimbo wao wa mbinja hadi tukaujua bila kujua Kiingereza.

Kurekodi upya ili kurekebisha sauti msiyoipenda pia kunaruhusiwa. Bendi ya Twisted Sister ya Marekani haikuridhika na jinsi prodyusa alivyoilainisha albamu yao ya 1984, Stay Hungry, wakairudia yote mwaka 2004 kwa jina la Still Hungry. Ni nzito zaidi, ndiyo waliyoitaka, na mashabiki wengi wakaendelea kusikiliza ile laini. Jiandaeni kwa hilo. Msikilizaji hakuipenda rekodi yenu peke yake, alipenda na mwaka wake wa kidato cha nne uliomo ndani.

Ila msiifute ya zamani. Mwaka 2002 albamu mbili za kwanza za mwimbaji Ozzy Osbourne zilitolewa tena huku besi ya Bob Daisley na dramu za Lee Kerslake zimeondolewa, na wapigaji wengine wakapachikwa mahali pao, gitaa la marehemu Randy Rhoads likabaki katikati ya wageni. Mashabiki walikasirika kweli kweli. Matoleo ya 2011 yakarudisha sauti za asili. Sisi tuliamua rekodi ya 2004 ibaki kwa waliokuwa na CD, na mpya tukaiandika mwaka wake kwenye jina, mtu asidanganyike. Kila rekodi ina msimbo wake wa ISRC, namba ya kimataifa ya kuitambulisha. Msiipe mpya msimbo wa zamani, malipo yatachanganyika na hamtayapata tena. Kisha iandikisheni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na safari hii andikeni kwenye karatasi nani ana asilimia ngapi, fundi wa studio akiwemo. Yule kijana wetu tulimpa sehemu yake, kwa ile metronomu peke yake alistahili.

Watu wa matangazo? Tulipomaliza, miezi saba ilikuwa imepita, nao walikuwa wameshachukua wimbo wa mtu mwingine. Mwaka jana wanafunzi wa filamu waliuomba kwa ajili ya filamu yao fupi, wakalipa kidogo, tukagawana sehemu tano. Yangu ilinunua seti mbili za nyuzi. Kwenye onyesho lao nilikaa nyuma kabisa, na kile kimya cha kabla ya kibwagizo kilipofika, nikamwona mpiga dramu wetu, safu mbili mbele, akiinua mkono na kusubiri.