Sokwe wa Gombe kutoka kijivu kwenye picha
Ndugu, kamera yako haijaharibika. Sokwe wametoka kijivu kwa sababu manyoya meusi yakijaza fremu, kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga bila kuulizwa. Tafuta kitufe cha +/-, kile cha kurekebisha mwangaza wa picha, shusha hadi -0.7 au -1. Ila sokwe akiwa juu ya tawi na nyuma yake anga jeupe, geuza: panda +1 hata +2. Anga likiungua, yaani likitoka jeupe tupu, liungue, tunataka uso. ISO 3200, yaani kamera kuhisi mwanga kwa nguvu zaidi, usiiogope, chini ya miti kule giza hata saa sita mchana, na shata, yaani kasi ya kunasa picha, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, maana hao hawatulii. Ukipanda tena boti hapo Kigoma kwenda hifadhi ya Gombe, ukiwa na sokwe flashi izime kabisa, hairuhusiwi.