Ganzi ya upasuaji wa mtoto wa jicho kwa mgonjwa anayeogopa sindano

Ndugu muulizaji, umeuliza ni ganzi gani itamfaa mama yako, anayeogopa sindano, akifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Hofu yake inaeleweka, hasa kwa kuwa unasema anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ana kikohozi kinachomsumbua akilala chali.

Upasuaji wa mtoto wa jicho mara nyingi hauhitaji mgonjwa kulazwa usingizi. Mgonjwa mtulivu anaweza kutiwa matone ya ganzi peke yake, ambayo huondoa maumivu lakini hayazuii jicho kucheza, kwa hiyo atauona mwanga wa darubini na huenda akahisi kuguswa. Sindano ya kando ya jicho, yenye dawa ya ganzi kama lidokaini au bupivakaini, hulituliza jicho lenyewe pia. Hatari zake, ambazo ni nadra, ni damu kuvuja nyuma ya jicho au sindano kulitoboa. Kwa mama yako ningeulizia kwanza njia ya tatu, ambapo baada ya matone daktari hukata tundu dogo kwenye utando unaofunika sehemu nyeupe ya jicho, kisha hupitisha dawa kwa kijibomba butu. Jicho linaweza kuwa jekundu kwa siku kadhaa, jambo linalotisha zaidi ya linavyodhuru.

Warfarini asiiache kwa uamuzi wake. Daktari apime kwanza jinsi damu yake inavyoganda. Kikohozi nacho kitajwe mapema, kwani kukohoa vifaa vikiwa ndani ya jicho kunanitia wasiwasi kuliko ganzi yenyewe. Baada ya upasuaji, maumivu yakizidi au uoni ukipungua, arudi hospitali siku hiyo hiyo.