Jibu: Mizani imegoma wiki ya 5 baada ya operesheni ya tumbo

Pole sana dada. Wiki 5 zilizopita ulipunguzwa mfuko wa chakula tumboni ili ushuke uzito, kilo 9 zikaondoka, na sasa siku 12 mizani haisogei huku mwenzako wa wodini akishuka tu. Na mimi nililia hivyohivyo.

Kusimama kipindi hiki ni kawaida mno. Kilo za mwanzo nyingi ni maji: mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu 1 hushika takriban gramu 3 za maji. Akiba ikiisha, maji hutoka kwa wingi. Mwili ukianza kuijaza tena, mizani huganda ingawa mafuta yanaendelea kupungua. Na aliyeingia na kilo 160 hawezi kushuka sawa na aliyeingia na 110.

Mimi mizani niliipandisha juu ya kabati, nikawa najipima Jumamosi asubuhi tu. Sketi yangu ya kitenge ndiyo ilinipa moyo: mwezi nilioshuka kilo 1, pini ya kiunoni ilihama vidole viwili.

Anza na protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku: yai, samaki, mtindi, kabla hujagusa ugali. Chunguza na vinywaji. Chai ya maziwa yenye sukari hupita bila kukushibisha. Hapo ndipo nilipokuwa nakwama. Usijinyime zaidi ya alivyoelekeza daktari, utapoteza misuli. Vitamini usiache.

Ila ukitapika kila ulapo, au hata maji hayapiti, nenda hospitali leo hii, usingoje siku ya kliniki.